Jiko Lililogoma Kupika Programu

Nyumba ya akina Chiriku haikujua ukimya ni nini. Jumamosi asubuhi mlango wa mbele ulikuwa haufungwi, maana huyu anatoka, yule anaingia, na wa tatu kasimama kizingitini anamalizia habari aliyoianza barabarani. Chiriku mwenyewe, binti wa darasa la sita, hakupewa jina hilo bure. Mwalimu wake aliwahi kusema kwamba hata akinywa maji, mtoto huyu anaongea.

Kazi yake ya kila Jumamosi ilikuwa kufagia chumba cha mbele kabla wakubwa hawajaanza kazi, kisha kuwapelekea chai. Kwa watu wengine chumba kile kingekuwa sebule. Kwao kilikuwa ofisi. Mama yake alikuwa mtengenezaji wa programu za simu na kompyuta. Alifanya kazi na mdogo wake wa kiume, ambaye Chiriku alimwita Mjomba, mtu wa mzaha tangu jua linapochomoza, pamoja na dada mmoja kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Miwani kwa sababu miwani yake ilikaribia kuumeza uso. Dada Miwani alikuwa bado kwenye majaribio. Mwisho wa mwezi Mama angeamua kama atamwajiri au atamwambia asante, nenda salama.

Chini ya dirisha palikuwa na kompyuta moja nene, yenye kivuli cha vumbi hata ikifutwa, waliyoiita Jiko.

"Sisi tunaandika maagizo, mstari kwa mstari," Mama alimweleza Chiriku alipouliza sababu ya jina hilo. "Maagizo yakiwa hivyo ni mabichi, simu haiwezi kuyala. Lazima yapikwe kwanza kwa zana maalumu, ndipo yawe programu."

Kila mmoja wao alikuwa na zana hizo kwenye kompyuta yake ndogo, akipika kidogo kwa kuonja. Lakini programu ya kumkabidhi mteja ilipikwa kwenye Jiko tu, maana ndilo pekee lililokuwa na muhuri ambao simu za watu ziliuamini. Kwa hiyo Jiko lilikuwa na amri yake: asiye na kazi nalo asiliguse. Jirani yao, Mama Pacha, siku ya kwanza kusikia kwamba Jiko limezimika, alikuja mbio na kiberiti. Hadithi hiyo Mjomba alikuwa hachoki kuisimulia.

Jumamosi hii Chiriku alikuwa anaingia na sinia la chai alipomkuta Mjomba amesimama mbele ya Jiko, mikono kichwani. Kioo chote kilikuwa kimejaa maandishi mekundu.

"Dada, njoo uone," Mjomba alimwita Mama, na safari hii hapakuwa na mzaha katika sauti yake. "Jiko limegoma."

Mama alisogea, akasoma, akabonyeza, akasubiri. Wekundu ukarudi palepale. Akajaribu tena. Wekundu uleule.

"Leo," alisema taratibu. "Kati ya siku zote, leo."

Kila mtu chumbani alijua maana ya neno hilo. Mchana ule mkunga mkuu wa kliniki ya akina mama alikuwa anakuja kuchukua programu yake. Ilikuwa programu ya kuwakumbusha wajawazito tarehe za kwenda kupimwa na kuwaeleza dalili za hatari. Wauguzi wake wote walikuwa wameitwa kliniki kuonyeshwa jinsi ya kuitumia.

"Kwangu inapika vizuri kabisa," alisema Mjomba akiwa ameinamia kompyuta yake.

"Hata kwangu," alisema Dada Miwani.

"Kwenu si kwa mteja," alijibu Mama. "Mkono wa mwisho ni wa nani?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya ofisi ile. Programu ikigoma, hakuna kubishana: mtu aliyeingiza maagizo ya mwisho ndiye anayejibu. Sheria hiyo ilikuwa imewaokolea makelele mengi, na Mama aliipenda kama anavyoipenda saa yake ya mkononi.

Dada Miwani aliinua mkono kama mwanafunzi. "Ni mimi, dada. Jana asubuhi niliongeza sehemu ya dalili za hatari. Lakini niliijaribu, ikakubali."

"Ilikubali kwako. Itazame tena."

Mjomba alikuwa bado anasoma yale maandishi mekundu. "Linasema zana hazilitambui agizo. Zana gani zisizotambua agizo tunalotumia kila siku?"

"Zana ni zilezile tangu mwaka jana, wala hakuna aliyezigusa," alisema Mama. "Kilichobadilika ni maagizo."

Maneno hayo yalimkuta Chiriku akimimina chai katika kikombe cha Mama. Kikombe kikajaa, kikafurika, chai ikatambaa kwenye sinia hadi kwenye kidole chake, naye hakuona.

"Wewe mtoto, unammiminia nani, samaki?" Mjomba alimuuliza.

Chiriku aliweka birika chini. Hakuna aliyezigusa, Mama amesema. Kumbe yupo.

Jana jioni, wakubwa wote walipokuwa nje wakizungumza, Chiriku aliwaingiza ndani wale wavulana mapacha wa Mama Pacha ili awaonyeshe picha za michezo ya shule. Kioo cha Jiko kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na picha kwenye kioo kikubwa ni tamu zaidi. Lakini kila alipofungua picha, kidirisha kilichomoza katikati kikisema: kuna toleo jipya la zana, sasisha sasa? Akikifunga, kinarudi.

"Imeharibika hiyo," alisema pacha mmoja akicheka.

"Haijaharibika," Chiriku alijibu na kuinua kidevu. "Kwetu sisi hii ni kazi ya kila siku." Akabonyeza Ndiyo, bila hata kujua anachokikubali, mradi mapacha waone kuwa yeye si mtu wa mchezo. Kidirisha kikaondoka. Picha zikaonekana. Wakacheka, wakaenda zao.

Sasa alisimama na sinia lake, amepigwa na butwaa, huku wakubwa watatu wakiinamia kompyuta kama watu waliofiwa. Sema, moyo ukamwambia. Ulimi, ule uliokuwa haujui kupumzika, ukalala.

Asubuhi ikasogea hivyo. Dada Miwani alisoma mistari yake kuanzia juu hadi chini, kisha kuanzia chini hadi juu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaanza upya. Mjomba alirudia kuyasoma yale maandishi mekundu. Mama alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi.

Mama Pacha aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, na pacha mmoja nyuma yake.

"Hodi nimeshaingia. Mbona mmekaa kama mnasubiri daktari atoke?"

"Programu imegoma," alisema Mjomba.

"Nani kaigomesha?"

Macho ya Mjomba yalimponyoka, yakaenda kwa Dada Miwani. Kwa Mama Pacha hiyo ilitosha. Habari yake haihitaji maji mengi ili iote. Alimtazama Dada Miwani, akasikitika kwa ulimi, tch, tch, akageuka.

"Pole, mwanangu. Kazi hizi za vichwa si za kila mtu."

Pacha alifungua mdomo. "Lakini si jana Chiri..."

Chiriku alimkanyaga mguu. Akamshika mkono na kumvuta hadi nje ukutani.

"Si wewe uliyebonyeza kile kidirisha?" pacha alinong'ona.

"Nyamaza. Nitakupa penseli zangu za rangi."

"Zote?"

"Zote."

"Na kichongeo?"

"Na kichongeo."

Pacha alifikiri kidogo, akikuna goti. "Lakini watamfukuza Dada Miwani."

"Hawatamfukuza," alisema Chiriku, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza jinsi ilivyokuwa nyembamba.

Mama Pacha alipotoka alikwenda dukani, kutoka dukani akaenda kwa fundi cherehani, na kutoka kwa fundi cherehani habari ikatembea kwa miguu yake yenyewe. Muda si mrefu muuza mboga alipopita alimuuliza Chiriku mlangoni: "Eti yule dada wa miwani kaharibu kompyuta za mama yako zote?" Chiriku aliduwaa. Kompyuta moja imekuwa zote, na mtaa hata haujaisha.

Kisha simu ya Mama ikalia. Alikuwa mkunga. Chiriku aliyekuwa anakusanya vikombe aliisikia sauti yake nzito hadi pale alipo. "Mwenzangu, wauguzi wamekwisha kukaa. Nakuja sasa hivi kuichukua hiyo programu."

"Karibu," alisema Mama, akakata simu, akabaki ameitazama kana kwamba imemng'ata. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu na Dada Miwani.

"Mdogo wangu, wewe ni mtu mzuri," alianza, na kila mtu anajua kwamba maneno yakianza hivyo, mwisho wake ni mchungu. "Lakini nimeangalia asubuhi hii. Umeingiza kitu, kimegoma, na umeshindwa kuona kilipogomea. Acha Mjomba aiondoe sehemu yako, tumpe mkunga ile iliyopungua. Wewe nenda nyumbani. Nadhani kazi hii bado haijakufaa."

Hata Mjomba alimwangalia dada yake kwa mshangao, kisha akatazama sakafu.

Dada Miwani hakulia wala hakubisha. Alifunga kompyuta yake, akaviringisha waya polepole, akaweka kila kitu kwenye mkoba. Alipofika mlangoni alimkuta Chiriku amejibanza na vikombe vyake.

"Zile hesabu za sehemu nilizokuahidi, itabidi ujaribu mwenyewe," alimwambia kwa upole. "Usianze kujumlisha kabla hujazifanya ziwe na asili moja. Ukikwama, muulize mwalimu. Usione aibu kuuliza."

Chiriku alimtazama. Huyu mtu amenyang'anywa kazi muda huu, naye anafikiria hesabu zake yeye. Akaviweka vikombe chini.

"Usiende," alisema. "Dada Miwani, usiende. Mama, ni mimi."

"Ni wewe nini?" Mama aliuliza.

"Niligusa Jiko. Jana jioni. Kilikuja kidirisha kikauliza kama nisasishe zana, nikabonyeza Ndiyo. Nilitaka mapacha waone najua. Nilijua tangu asubuhi, Mama. Nilijua ulipokuwa unasema hakuna aliyezigusa."

Mama aligeuka, akakaa mbele ya Jiko, akaandika kitu kifupi. Akasoma jibu. Akalisoma tena, na uso wake ukabadilika rangi.

"Toleo jipya," alisema. "Zana zimebadilika zote."

Mjomba aliruka kutoka kitini. Dada Miwani alirudi, mkoba ukiwa bado begani, wakainama pamoja. Ukurasa wa watengenezaji wa zana zile ulikuwa umeeleza wazi: agizo la zamani limeondolewa, na badala yake limewekwa jingine. Agizo hilo la zamani ndilo lililokuwa limejaa katika programu nzima, kwenye mistari ya Mama, ya Mjomba na ya Dada Miwani, tangu siku ya kwanza.

"Ni kama kumpelekea fundi cherehani kitambaa kilekile," alisema Mjomba taratibu, "kumbe jana mtu kambadilishia mashine."

"Nasi tumekaa tangu asubuhi tunakilaumu kitambaa," alisema Dada Miwani.

Mama alikuwa ameshika kingo za meza kwa mikono miwili.

"Basi tubadilishe maagizo yetu yafuate zana mpya," Mjomba alishauri. "Nianze hapa?"

"Mkunga yuko njiani," alijibu Dada Miwani kabla ya Mama. "Tukianza kushona upya sasa tutatoboa na vidole. Turudishe zana za zamani kwanza, tupike, tumkabidhi. Hizo mpya tuzisome Jumatatu akili ikiwa imetulia."

"Fanyeni hivyo," alisema Mama.

Watengenezaji wa zana walikuwa bado wanaliweka toleo la zamani kwenye ghala lao. Mjomba alilivuta, Mama akaliondoa lile jipya, na Dada Miwani akaandika ndani ya programu yenyewe ni toleo gani hasa linalotakiwa, ili siku nyingine Jiko lenye zana tofauti liseme mapema badala ya kumwaga wekundu. Halafu Mama akabonyeza kitufe cha kupika.

Mkunga aliingia wakati wanasubiri. Alikuwa mama mnene mwenye hatua nzito. Aliwakuta wanne wamejipanga mbele ya kompyuta moja.

"Shikamoo, Mama Mkunga," alisema Chiriku.

"Marahaba. Nimeingia chumba cha kujifungulia au ofisini? Sura hizi nazijua."

"Tuko kwenye uchungu wa mwisho," alisema Mjomba.

Mstari wa kijani ukatokea. Ukafuatwa na mwingine, na mwingine, hadi kioo kizima kikawa kijani. Hakuna aliyeshangilia, walipumua tu, wote kwa pamoja. Mama alimwekea mkunga programu kwenye simu yake, na kitu cha kwanza mkunga alichofungua ni sehemu ya dalili za hatari. Aliisoma yote, amesimama, midomo ikitembea.

"Hii nani kaandika?"

"Huyu hapa," Mama alisema, akimwonyesha Dada Miwani.

"Imeandikwa kama mtu anayeongea na mtu. Wajawazito wangu wataielewa."

Alipoondoka, Mama alimgeukia Dada Miwani. Chiriku hakuwahi kumwona mama yake akitafuta maneno, yeye ambaye maneno humfuata yenyewe.

"Nimekukosea. Nimekuhukumu mbele ya watu, basi nakuomba radhi mbele ya watu. Majaribio yamekwisha leo. Ukikubali kubaki, kazi ni yako."

Dada Miwani alirekebisha miwani yake. "Nitabaki, dada. Ila ile sheria ya mkono wa mwisho ife. Mimi nilikuwa naitafuta dhambi yangu tangu asubuhi, na nilikaribia kuipata, ingawa haikuwepo."

"Imekufa," alisema Mama. "Mjomba ni shahidi."

"Nimeizika," alisema Mjomba.

Ilibaki zamu ya Chiriku. Alitegemea kofi, au makelele. Mama alimnyooshea kidole kuelekea nyumba ya jirani.

"Mama Pacha amekwisha kulitangaza jina la Dada Miwani mtaa mzima. Nenda ukamwambie ni nani hasa. Kisha dukani, na kwa fundi cherehani, njia yake naijua. Na muuza mboga pia, nilimsikia pale mlangoni."

"Peke yangu?"

"Ulibonyeza na nani?"

Chiriku alikwenda. Mama Pacha alikuwa anafua. Alipoisikia habari, shati lilimponyoka, likarudi majini. "Wewe?" alisema, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Na mimi nimekwisha kumwambia kila mtu... Ngoja nivae viatu, twende wote." Hivyo ndivyo mtaa ulivyomwona Mama Pacha akitembea mlango kwa mlango kuirudisha habari aliyoisambaza, kazi ambayo hakuna mtu aliyekumbuka kumwona akiifanya, na Chiriku kando yake, uso umewaka moto, akirudia sentensi ileile: ni mimi, si yeye. Kwa fundi cherehani walicheka. Dukani hawakucheka, na hiyo ilikuwa ngumu zaidi.

Aliporudi wakubwa walikuwa mezani. Alikaa mwishoni, hakugusa sahani.

"Mama, umenisamehe?"

"Nilikusamehe ulipokuwa bado unaongea," alisema Mama. "Lakini nisikilize. Kitufe ulikibonyeza mara moja. Ulinyamaza asubuhi nzima, na kila dakika ulikuwa unachagua upya kunyamaza. Lile kosa la kwanza liliharibu zana, na zana tumezirudisha kabla chai haijapoa. La pili lilikuwa linamharibu mtu. Ungesema ukiwa bado umeshika birika, Dada Miwani asingefunga mkoba wake."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Wala si wewe peke yako," Mama aliendelea, sasa akiwatazama wote. "Nimefanya kazi hii miaka mingi, na leo kitu kilipogoma nikauliza ni nani, kabla ya kuuliza ni nini kimebadilika. Kwa hiyo wadogo, kosa lisemeni likiwa bado dogo. Nasi wakubwa tuulize vizuri, ili mtoto asiogope kutujibu."

Alisogeza sahani mbele ya binti yake.

"Haya, kula. Ukimaliza, uende umpe yule pacha pole. Mguu wake umevimba."